Shikamoo ya Kila Asubuhi

Mkuu wetu wa shule alikuwa na tabia ambayo wageni waliiona ni adabu. Kila asubuhi nikifika mlangoni mwa ofisi ya walimu, aliinamisha kichwa na kusema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Shikamoo, Bibi!" Walimu vijana wakacheka. Mimi nikaitikia marahaba, maana salamu hiyo ukipewa hukatai. Ulimi unaijibu wenyewe kabla akili haijaamka.

Siogopi kuitwa bibi. Wajukuu wangu wananiita hivyo na ninawapa peremende. Lakini shikamoo ya Mkuu ilikuwa ya kunizeesha. Aliianza mwaka uleule aliofika, alipotangaza kwamba shule inahitaji damu changa, na kila alipoitoa nilihisi nimesukumwa kidogo kuelekea getini. Haukupita muda wanafunzi nao wakaidaka. Nikigeuka kuandika ubaoni, nasikia huko nyuma, "Bibi, usichoke!" Halafu darasa zima linacheka chini ya madawati.

Kisha akaninyang'anya kidato cha nne. Nilifundisha hisabati darasa hilo tangu enzi ambazo ubao ulikuwa mweusi kweli. Akalikabidhi kwa kijana mmoja mwenye projekta, mtoto mzuri asiye na kosa lolote, na mimi akanipeleka stoo kugawa chaki na mifagio. "Upumzike, Bibi," alisema mbele ya watu. "Ngazi zile zitakuua."

Nilimchukia. Sina neno laini la kuweka hapo. Nilikuwa nakaa stoo kati ya makopo ya rangi, nasikia kengele ya kipindi changu ikigongwa, na miguu yangu inasimama yenyewe kama mjinga.

Wa kwanza kung'olewa alikuwa mwalimu wa jiografia. Siku ya kumuaga, Mkuu alimpa mkongojo uliofungwa utepe mwekundu. Ukumbi ukavunjika mbavu. Mwalimu wa jiografia, mtu aliyekuwa akipanda milima na wanafunzi wake, aliupokea kwa mikono miwili akashukuru. Baadaye nilimkuta nyuma ya choo cha walimu anafuta miwani, na miwani haikuwa na vumbi.

Nikajua mkongojo unaofuata ni wangu. Mkuu alikuwa ameshapeleka pendekezo kwa bodi: mwalimu yeyote aliyevuka miaka hamsini na mitano aondoke mwisho wa muhula, bila kujali cheo. Shule ni ya watu binafsi, na bodi ikisema imesema. Yeye mwenyewe, alituambia katika kila kikao, hamsini alikuwa anaisikia tu kwa jirani. Akisema hivyo alizipapasa nywele zake, nyeusi kama kiatu kilichotoka kupigwa rangi.

Jioni moja nilimpigia simu Kicheko kumwaga machungu. Kicheko ni rafiki yangu wa chuo cha ualimu, tulimpa jina hilo kwa sababu akicheka bweni zima liliamka. Alinitangulia chuoni, na desturi ya bweni letu ilikuwa kwamba mgeni havuki kizingiti bila kuwaamkia waliomtangulia. Hata nywele zetu zote zilipogeuka pamba, niliendelea kumwamkia na yeye aliitikia kwa madaha. Serikali ilishamstaafisha alipotimiza miaka sitini, na kwenye sherehe yake tulicheza mpaka viatu tukavishika mkononi.

"Pole, mdogo wangu," alisema. "Hiyo shule yako si ndiyo niliyoambiwa juzi kwamba anaiongoza kaka yangu?"

"Kaka yako yupi?"

"Kaka mkubwa! Yule aliyenibeba mgongoni siku ya kwanza ya darasa la kwanza. Hanipigii siku hizi, eti kazi nyingi. Mbona umenyamaza?"

Nilikuwa nimenyamaza kwa sababu nilikuwa nacheka, na sikutaka asikie kicheko cha namna ile.

Ningeweza kwenda kwa mwenyekiti wa bodi siku hiyohiyo. Lakini mtu aliyepunguza miaka yake hakosi vyeti vya kuitetea, na mimi ningeonekana kikongwe mwenye wivu. Tena sikutaka aondoke kimyakimya. Mimi hakunidhalilisha kimyakimya.

Kwa hiyo bodi ilipoketi na mwenyekiti akauliza kama walimu tuna pingamizi, nilinyoosha mkono. Mkuu akakunja uso.

"Ipite," nikasema. "Ila iwe ya wote, kama ilivyopendekezwa."

"Ni ya wote, bila shaka," mwenyekiti akasema. Yule bwana ana kiwanda cha mikate, na akishasema jambo harudi nyuma.

Kijana wa projekta alinifuata hadi stoo, macho yamemlegea. "Mwalimu, mbona hukupinga? Mimi ningekuunga mkono."

"Najua, mwanangu. Wewe siku ya kuniaga njoo mapema, ukae mbele."

Nikampigia Kicheko, nikamwalika. "Usimwambie kaka yako," nikamsihi. "Tumshtukize." Akafurahi kama mtoto. Alisema atashona gauni jipya.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa wazazi, wanafunzi, na bodi safu ya mbele. Mkuu alikuwa jukwaani, kipaza sauti mkononi na mkongojo wenye utepe mwekundu umelala mezani. Aliniita, nikapanda zile ngazi ambazo zingeniua. "Shikamoo, Bibi!" akasema kwenye kipaza sauti. Ukumbi ukaangua kicheko. "Marahaba," nikajibu, nami nikatabasamu, jambo lililomshangaza kidogo.

Akaanza hotuba. Damu changa, kasi mpya, wazee wetu tunawapenda lakini. Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguliwa, akaingia Kicheko na gauni lake la maua, kichwa cheupe pe, anatembea katikati ya viti kwa pozi la bi harusi. Nilishuka kumpokea. Nikapiga goti mbele ya bodi nzima.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu!" Sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza sauti. "Hujambo?"

Watu wakatazamana. Kumbe Bibi naye ana mkubwa wake. Kicheko akanishika mkono, tukapanda pamoja jukwaani. Nilimtazama Mkuu. Alikuwa amemwona. Alirudi nyuma akagongana na meza. Lakini dada yake alikuwa ameshafika, ameshainama, amejaa furaha ya miaka ya kutoonana.

"Shikamoo, kaka!"

"Marahaba," akasema Mkuu.

Lilitoka lenyewe, ndani ya kipaza sauti, likazunguka kuta zote nne. Niliona uso wake ulivyojaribu kulirudisha mdomoni.

"Jamani, huyu ndiye kaka yangu mkubwa," Kicheko akaugeukia ukumbi, akipangusa machozi. "Alinibeba mgongoni kunipeleka darasa la kwanza! Mimi nimetimiza sitini nikastaafu juzi, yeye bado anachapa kazi. Mungu ampe nini tena?"

Hakuna aliyecheka. Kijana wa projekta alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mwenyekiti wa bodi alisimama polepole, akamtazama mama yule mwenye kichwa cheupe, akamtazama Mkuu na nywele zake za kiatu.

"Mkuu," akauliza, "huyu ni mdogo wako?"

Mkuu alifungua kinywa. Kumkana dada yake pale, mbele ya macho yale, hata yeye hakuweza.

"Ni mdogo wangu," akasema.

"Basi kanuni ni ya wote."

Kicheko akanigeukia. Furaha ilikuwa inamtoka usoni taratibu, na alikuwa anaanza kuelewa nilimwalika kwa ajili ya nini. Hapo roho iliniuma kweli, na mpaka leo hapigi simu. Lakini sitadanganya: kama ingerudiwa kesho, ningempigia tena nimwambie ashone gauni.

Nikauchukua ule mkongojo mezani. Nikaunyoosha utepe vizuri, maana ulikuwa umekunjika, nikainamisha kichwa kidogo kama alivyonifundisha yeye kila asubuhi.

"Shikamoo, kaka," nikamwambia. "Wewe ndiye mkubwa wetu. Shika, ngazi zile ni mbaya."

Akaupokea kwa mikono miwili.