Alama za Panga Ukutani

...hakiteremki, kidole kimebaki hewani, kidole cha mzee Kasimu, mjomba wa Djamila, aliyepanda pikipiki kutoka Wamaza mpaka hapa Kasongo ili aje aone kama mimi ni mtu wa kupewa mtoto wao, na heri kingenielekea mimi, lakini kinaelekea ukuta nyuma ya kichwa cha baba mdogo, «Ndugu yangu, pale ku ukuta kulikuwa nini?» na wali wa mama unapoa, na baba mdogo Hippolyte, ambaye leo ndiye mdomo wangu, anatafuna kitu ambacho naamini alishakimeza zamani... mimi sina mdomo leo, ndivyo ilivyo kwetu, wakwe wakiingia mwoaji hukaa karibu na mlango, huinamisha kichwa, husemewa, akijibu mwenyewe amewatukana wote wawili, anayeuliza na anayemsemea, basi nimeinama mpaka shingo inauma, ila ukuta nauona hata nikifumba macho, ukuta mweusi kwa moshi wa taa na wa jiko, na katikati ya weusi huo alama za panga zangu zote, nyeupe pee, mpini, kilinzi cha mkono, ubapa, ncha, huu mwembamba uliopinda, ule mpana kama ubao wa mlango... ee mjinga mimi, nilishusha panga nikasahau moshi.

Baba mdogo alisema tu, «Toa vile vitu mbele ya wageni kufika, Élysée, mambo walipita kule kwao iko mingi,» nami nikatoa, sikubisha hata neno, nikazifunga ndani ya blanketi nikazisukuma chini ya kitanda, chumba cha pili hapo, nyuma ya pazia, nikapanga viti, nikaona nimekuwa mtu mzima, tena tukacheka na baba mdogo, wakiuliza tutasema ilikuwa kalendari ya parokia, kalendari! kalendari gani iliyopinda hivi, kalendari gani yenye ncha... na kumbe mimi niliogopa dini, wao Waislamu na sisi watu wa misa, usingizi nilikosa kwa ajili ya dini, na mzee ameipita dini kwa sentensi moja, «Mungu ni mumoja, tuendelee,» nikapumua, nikasema moyoni Djamila wangu huyo anakuja, halafu mzee akanyanyua macho kutafuta mahali pa kuyapumzisha... chuma chenyewe hakikati hata papai bivu, nani atamwambia, yule mhunzi wa Lusangi alinicheka mpaka akaweka nyundo chini, «Weye unataka chuma ya kutokata? Unavuta nini?» akaichukua springi ya lori akaipiga akinicheka hivyohivyo, na nilimwonyesha kwenye simu, tazama, hizi katuni za Wajapani, sisi vijana tunaziita manga, tazama kijana anavyochomoa, maua yanaanguka, hakuna damu chini, hakuna mtu anayelia jina la mtu, akasema mbona maua hayo hayana majani... ule mweusi wa kamba nyekundu ulitoka Bukavu na mfanyabiashara wa vitambaa, umelala katikati ya marobota kama mtoto, ala yake ya plastiki, na Jumapili wenzangu wakija kupiga picha niliwaambia naweni mikono kwanza, walinicheka, waache wacheke, nilizipenda, nazipenda, hapa kwetu kila chuma kina habari ambayo hakuna anayetaka kuisimulia, jembe tu ndilo limesalimika, nami nilitaka chuma cha kutazamwa, kizuri bure, kisichojua mtu yeyote.

«Miye nauliza tu,» anasema mzee, sauti yake haina ugomvi, na hilo ndilo linalonimaliza, «siko na ubaya,» na simu inatetemeka mfukoni, huyo ni Djamila, yuko kwao nyuma ya soko, anataka kujua wamekubali, ataandika wamekula? mjomba amecheka? na mjomba hajacheka, mkono wake wa kulia ulikuwa umeshakaribia sahani, umerudi gotini... Djamila aliniambia mara moja tu, tukitoka mtoni, hakunitazama, alisema walioingia nyumbani kwa mjomba usiku ule wa mauaji hawakuwa wageni, walikuwa watoto wa jirani, vijana wa adabu, wanaoamkia, na wiki hiyohiyo mjomba alikuwa amekula kwao, amekaa kwenye mkeka wao akasifu samaki, na panga zilikuwa mlemle ndani, chini ya kitanda, ndani ya blanketi, na mke wa mjomba, akikimbia, hakufika hata uani... blanketi, Élysée, alisema blanketi, nami nilisikia, nilisema pole, nikambebea ndoo yake, na jana nikachukua blanketi.

Zingekuwa zimening'inia pale angeuliza akajibiwa, tungemshushia mmoja akaupapasa, akaona hauna makali, pengine angetucheka kama mhunzi, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ndiyo, lakini ung'ongo huwa unaonekana, mtu hushtuka kisha akatazama vizuri, mimi nimemficha hata huo ung'ongo, nimemwachia mahali ulipolala... nikiinuka sasa nikaleta blanketi, nikalifungua mbele ya magoti yake, tazama mzee, ni mchezo, ni katuni, nitakuwa kijana wa adabu anayetoa panga chini ya kitanda, na nisipoinuka nitakuwa kijana wa adabu ambaye panga zake ziko chini ya kitanda, na mama huko jikoni ametulia, hata kifuniko hakilii, anajua, akina mama hujua nyumba ikinyamaza vibaya, na baba mdogo ameweka kijiko, anakohoa, anajiandaa, nakijua kikohozi hicho, atasema kalendari, Mungu wangu, atasema kalendari ya parokia, na mzee ataitikia kwa heshima, atasema njo, njo, ndivyo, atanawa mikono bila kula, atasema safari ni ndefu na mvua, watatuma habari, na habari haitakuja... usiseme, baba, nyamaza tu, lakini mimi sina mdomo, na hata ningekuwa nao ningesema nini, kwamba nampenda mpwa wake, wale vijana nao walimwamkia... nanyanyua kichwa, hairuhusiwi, nanyanyua, hakuna anayeniona, wote wanatazama kule, nami natazama kule anakotazama yeye, si panga zangu, sizioni tena, wala maua, wala kamba nyekundu, naona watu wamesimama ukutani, wembamba, weupe, wametulia, wanangoja nyumba ilale, na simu inatetemeka tena pajani, wamekubali? wamekubali? na kidole hakijateremka, na baba mdogo anavuta pumzi, na mimi, Djamila, kama ungekuwa mtoto wangu mwenyewe, nisingekuacha ulale humu.