Wekundu wa Onofre

Selotepu ilipobanduka kwenye mlango wa gari iliondoka na rangi nyekundu, kipande kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Tranquilino, fundi aliyekuwa akiongea tangu asubuhi, aliisogeza karibu na macho.

Mimi ndiye niliyemwambia ajaribu kwanza kwa selotepu, chini, pasipoonekana. Magari siyajui. Ila kila aliyewahi kuniuzia kinga alianza kwa kuniuzia hofu, na mgodini nilikofanya kazi walitupa barakoa za karatasi kisha wakatutaka tusaini kwamba tuko salama. Sikusaini. Sijasahau.

Gari lile, Impala ya mwaka sitini na nne, lilikuwa la kaka yangu Onofre. Alilipaka rangi katika zizi la mbuzi la baba, hapa hapa mjini Española, kiangazi kizima, tabaka juu ya tabaka, akisugua kila moja kwa maji. Polisi walimsimamisha kila Jumapili kwa kosa la kwenda polepole ili watu walione. Majina yao ninayo mpaka leo. Alipokufa, hiyo rangi ndiyo kazi pekee ya mikono yake aliyoachiwa mkewe, Ofelia.

Sasa Ijumaa Kuu ilikuwa inakaribia, siku ya kutembeza magari yetu mjini, na Ofelia alitaka kuendesha mwenyewe kwa mara ya kwanza. Barabara bado ilikuwa na changarawe zilizomwagwa wakati wa theluji kuzuia utelezi, na magurudumu huzirusha. Ndiyo maana tulikuwa naye kwa Tranquilino, aliyetaka kulibandika gari zima plastiki angavu isiyopitisha jiwe. Selotepu ilikuwa imetuonyesha jinsi plastiki hiyo ingekuja kubanduka na rangi yote.

Akaleta dawa inayokauka ikawa ngumu kama kioo. Lakini kabla yake lazima rangi ing'arishwe kwa mashine. Akajaribu kwa mkono, taratibu. Kitambaa kikatoka chekundu.

"Huo si uchafu," nilimwambia. "Huyo ni Onofre."

Ikabaki nta ya mkebe, ya kupaka kwa mkono kila baada ya miezi miwili, maisha yote. Nta haizuii jiwe, Tranquilino alikiri. Nikamgombeza kwamba anauza dawa za magari yaliyozaliwa jana. Akaniuliza kelele zangu za kudai haki kwa miaka arobaini zimezuia jiwe gani. Basi gari lisitoke, nikaamuru kwa sauti yangu ya mikutanoni, lifunikwe shuka.

Ofelia alikuwa ameshafungua mkebe.

"Shemeji, kaka yako alipaka rangi gari ili lionekane. Ukitaka kufunika kitu, kaburi lake lipo, kalifunike."

Tulipaka nta hadi jioni, watatu, bila kugombana sana.

Ijumaa Kuu Ofelia aliendesha polepole kuliko Onofre. Nilikuwa kando yake jiwe la kwanza lilipogonga karibu na taa. Nikashika kitasa nishuke nikaangalie. Ofelia akaongeza sauti ya redio, akawapungia watu mkono.

Nikashusha kioo, nami nikapunga.