Sanduku Lililokomaa

"Barafu ikiingia humu, Bi Mwanasha, inasahau kuyeyuka," alitamba Abilahi, akilipiga kofi sanduku lake la mtumba. "Tia jiwe leo Jumatano, Ijumaa baada ya swala utalikuta linatetemeka lenyewe kwa baridi."

Bi Mwanasha alikuwa akitafuta mtu wa kumpelekea samaki wabichi hadi kule Rondo, na vijana wa Lindi mjini wote waliimezea mate kazi hiyo. Abilahi peke yake ndiye aliyekuwa na sanduku la kutunzia baridi, alilolipata biashara ilipofunguliwa na makuukuu ya Ulaya yakaanza kushuka bandarini.

"Mbona zee hivi?"

"Limekomaa, Bi! Kama ubao wa mninga. Ndani ya kuta kuna povu gumu lenye vitundu, na kila kitundu kimefungiwa gesi yenye uvivu wa kupitisha joto. Tulisoma fomu foo."

"Haya, msomi. Ijumaa nitalifunua mwenyewe."

Wakatia jiwe la barafu, wakafunika. Ijumaa asubuhi Abilahi akachungulia: maji ya kutosha kutawadhia ukoo mzima.

Hapo ndipo ilipomjia nusu ya pili ya somo, ile aliyoitoroka kwenda kucheza chandimu. Gesi ile haikai milele. Mwaka hadi mwaka hupenya kuta za vitundu ikatoka, hewa ya kawaida ikaingia kukalia nafasi yake, na hewa haina uvivu ule. Povu lilikuwa limezeeka kimyakimya, huku nje sanduku linang'aa kama bwana harusi.

Akakimbilia ufukweni. Barafu yote ilikuwa imeshachukuliwa na wavuvi. Iliyobaki mji mzima ilikuwa ya Yustina, muuza barafu za ubuyu. Akazinunua zote, akazivua nailoni, akazishindilia sandukuni.

Baada ya swala Bi Mwanasha akafunua.

"Abilahi, mbona nyekundu?"

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nimeuliza barafu."

"Ndiyo kukomaa kwenyewe, Bi. Kwani embe likiiva hubaki la kijani?"

Bi Mwanasha akachovya kidole, akalamba. "Ina sukari."

"Baridi ikizidi sana huwa tamu."

Mara Yustina akapita mlangoni, beseni tupu kichwani. "Kumbe upo, Abilahi! Wale wagonjwa wa hospitali uliosema unawapelekea, ubuyu wangu umewafaa?" Akachungulia sandukuni. "Khaa! Mbona bado uko humu, tena umeuvua nguo?"

Bi Mwanasha akafuta kidole kwenye kanga, akafunika sanduku taratibu.

"Samaki wangu, msomi, hawaumwi. Katafute wagonjwa wengine."