Mwiko wa Mlima Kwemvule

"Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wananchi wote wapenda maendeleo, inatangazwa rasmi kwamba Msafara Mkuu wa Kilele cha Kwemvule umewasili Korogwe salama, ukiwa na afya njema, vifaa kamili na uongozi uliotukuka."

Tangazo hilo lilisomwa na Mhina mwenyewe, saa mbili asubuhi, akiwa amesimama juu ya tofali nje ya stendi ya mabasi. Walioshuhudia ni muuza chapati mmoja, ambaye hakuinua kichwa. Vifaa kamili vilikuwa chupa ya maji, chapati nne na mwavuli uliovunjika mbavu tatu. Msafara ulikuwa watu wawili, na gari hawakuwa nalo. Waendesha bodaboda walipoulizwa habari za Kwemvule walicheka, wakasema pikipiki inaishia kwenye mashamba ya maharage, na kwa nauli waliyoitaja wale vijana ingeishia hata kabla ya hapo. Uongozi uliotukuka ukakaa kikao cha dharura na kuamua kwamba wapanda milima wa kweli hutembea.

Mtu wa pili katika msafara aliitwa Lekakeny, mtoto wa mzee Parsaoti, mfugaji wa Mazingara. Walikuwa wakisoma kidato cha pili pamoja katika shule moja ya bweni huko Handeni, Mhina akilala kitanda cha juu na Lekakeny cha chini. Urafiki wao ulianzia kwenye kisiki. Muhula wa kwanza mtu asiyejulikana aligonga kengele ya chakula saa nne asubuhi, shule nzima ikakimbilia jikoni na kukuta ugali haujasongwa, na nondo ya kugongea ikapatikana chini ya godoro la Lekakeny. Alipoulizwa, alijibu kwamba hajui, na akajibu hivyo kwa utulivu uliomkera mwalimu wa zamu. Baba yake akaitwa shuleni. Lekakeny akapewa adhabu ya kung'oa kisiki cha mjohoro nyuma ya bweni. Alichimba siku nne, viganja vikachubuka, na kila siku Mhina alimpelekea maji ya kunywa. Siku ya nne Lekakeny akasema mbele ya bweni zima kwamba huyu ndiye rafiki yake. Mhina alipenda habari hiyo isimuliwe kwa ufupi.

Safari yenyewe ilizaliwa na majigambo. Mhina alikuwa ametangaza bwenini kwamba amefika kileleni Kwemvule mara tatu, na kwamba jina lake limechongwa kwenye nguzo ya zege iliyoachwa huko na wapima ardhi. Wengine walimzomea. Lekakeny hakuzomea. Alisema kwao, kila asubuhi wakifungua zizi, mlima ule huonekana kwa mbali, mwembamba na wa bluu, na hakuna hata mmoja katika familia yake aliyewahi kusimama juu yake na kutazama upande wa nyumbani. Akaomba apelekwe. Aliomba vizuri mno, kiasi kwamba Mhina hakupata pa kutokea.

Basi likizo fupi ilipofika mzee Parsaoti aliwasindikiza hadi barabarani, na wakakubaliana kwamba saa kumi jioni atakuwa stendi ya Korogwe kumchukua mwanawe. Kabla basi halijaondoka alimwekea Mhina mkono kichwani, kama wafanyavyo wazee wa kwao kwa vijana, akasema, "Nenda naye. Rudi naye."

Walitembea. Barabara ya lami ikawa ya vumbi, ya vumbi ikawa njia ya miguu, na njia ya miguu ikaanza kupanda. Ukimya wa Lekakeny ulikuwa unamtesa Mhina, kwa hiyo akautafutia dawa.

"Kuna mwiko," alisema, kwa sauti aliyoitumia kusoma risala siku ya mahafali. "Ni vizuri uujue mapema. Juu kule mlima huita watu kwa majina. Ukisikia unaitwa, usiitike. Kaa chini, nyamaza."

Lekakeny alisimama. "Mwiko wa nani?"

"Wa ukoo wetu. Wazee wa Kizigua waliuweka zamani."

Alitegemea kicheko. Badala yake Lekakeny alianza kuuliza, taratibu, jambo moja baada ya jingine: kama mwiko unawahusu wageni pia, unaanzia wapi, mtu akae muda gani. Kwao, ukifikisha mifugo kwenye kisima cha watu, unauliza utaratibu wa kisima kabla ng'ombe hajainamisha shingo, na ukishaambiwa unaufuata, uwe umekupendeza au la. Kwa mtu wa namna hiyo Mhina alishindwa kujizuia. Alipamba. Alisema mlima unaweza kuiga sauti ya mtu yeyote.

"Hata yako?"

"Hasa yangu. Ukisikia naapa kwamba mwiko ni uongo, ujue hiyo ndiyo hila yake kubwa."

"Na wewe ukinitafuta kweli?"

Hilo Mhina hakuwa amelifikiria. "Nitakuja nikushike bega," akasema, na wakaendelea.

Kwenye shamba la mwisho walimkuta mama mmoja akichuma maharage. Walimwamkia, akaitika marahaba wanangu, akajitambulisha kuwa ni mama Shida, akawatazama viatu. Aliwauliza nani anaijua njia. Lekakeny akamwonyesha Mhina kwa kidole gumba, kwa fahari. Mama Shida akasema anayeijua basi anajua pia kwamba upande wa mashariki ardhi inakatika ghafla, na kwamba mwaka jana alipoteza mbuzi pale. "Ukungu ukishuka, kaeni mlipo," alisema. "Msijidanganye kwamba ni moshi tu."

Mhina aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbushwa jambo la zamani.

Karibu saa sita walifika penye jiwe kubwa, na njia ikagawanyika mara tatu. Mhina alitazama njia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote zilimtazama bila kumtambua. Akamwambia Lekakeny asubiri pale na mzigo, yeye anakwenda kukagua usalama wa eneo. Alishika ya kushoto. Baada ya hatua mia mbili ikafia kwenye kichaka. Alipogeuka, ukungu ulikuwa umeshafika.

Haukuja kwa haraka. Ulipanda kutoka bondeni, ukafunika mti mmoja mmoja, kisha ukafunika miguu yake mwenyewe. Alirudi akipapasa. Jiwe alilipata kwa kugonga goti. Lekakeny hakuwapo.

"Lekakeny!"

Kimya.

Aliita tena, kwa nguvu zaidi, akangoja. Akaita mara ya tatu, na sauti ikiwa bado mdomoni ndipo akakumbuka. Akapiga kelele kwamba mwiko ni uongo, kwamba aliutunga mwenyewe njiani, kwamba wazee wa Kizigua hawahusiki kabisa. Akajisikia mwenyewe akisema neno kwa neno kile alichosema mlima utasema.

Aliufunga mlango huo vizuri. Hakuna mzaha alioutengeneza kwa ustadi kama ule.

Akaanza kutambaa, mkono mmoja mbele, akitafuta bega. Alishika mizizi. Alishika kinyesi cha mbuzi, labda cha yule wa mama Shida kabla hajapotea. Kisha vidole vyake vikagusa kitambaa, akakivuta. Ulikuwa mwavuli. Ulikuwa umenasa kwenye kichaka kidogo, na ng'ambo ya kichaka hapakuwa na kitu. Aliokota kokoto akaitupa. Alisikiliza igonge chini, akasikiliza, akasikiliza.

Mwavuli alikuwa ameubeba Lekakeny.

Mhina alilala kifudifudi, akakumbatia majani. Aliuona mkono wa mzee Parsaoti. Aliona saa kumi jioni, stendi, mzee akishuka kwenye basi na fimbo yake, akimtazama yeye, kisha akitazama nyuma yake kuona nani mwingine anakuja. Alitaka kulia lakini kilio nacho kilihitaji pumzi. Kama Lekakeny yu hai, yuko mahali fulani amekaa, amenyamaza, anatii. Na ukungu ukizidi atachoka kukaa, atasogea, na hajui ardhi inakatikia wapi. Palihitajika jambo ambalo mlima usingeweza kulijua. Jambo ambalo Mhina wa kweli tu angekuwa nalo, na ambalo Mhina wa kweli asingelisema kamwe.

Alikuwa nalo moja.

"Lekakeny," akasema. Alianza kwa sauti ndogo, akalazimika kuipandisha. "Ile kengele. Ya saa nne. Niliigonga mimi."

Akasogeza kiwiko, akageuzia uso upande wa mlima.

"Nondo niliificha mimi kwenye godoro lako. Nilitaka kuiondoa mchana, wakaiwahi. Nikaogopa." Akafuta uso kwa kiganja. "Maji niliyokuwa nakuletea sikuyaleta kwa sababu ni mwema. Nilikuwa nakuona dirishani ukichimba, nashindwa kula. Basi. Ni mimi."

Upepo ulipita. Kisha, kutoka juu kidogo mkono wa kulia, karibu kuliko alivyodhani, sauti ikasema:

"Siku nne."

Mhina aliifuata kwa magoti. Lekakeny alikuwa amekaa, shuka limemfunika hadi kichwani, mgongo ameuegemeza kwenye kitu cheupe. Mwavuli, alisema, ulipeperushwa na upepo alipokuwa anapanda. Aliiona nguzo kabla ukungu haujafunga, akadhani Mhina lazima atapitia hapo. Alisikia akiitwa tangu mara ya kwanza. Mwenyeji alimwambia asiitike, hakuitika. Mhina alinyoosha mkono amshike bega. Lekakeny alilisogeza bega.

"Jumatatu utamwambia mwalimu wa zamu."

"Nitamwambia."

"Baba utamwambia leo. Stendi. Walimu waliponisema mbele yake, aliwaamini."

"Nitamwambia," Mhina alisema. Hofu ya awali ilikuwa imeondoka, na hii nyingine imekaa kwenye kiti kilekile.

Ukungu ulipoanza kuchanika, tambarare ya Handeni ilijitokeza huko chini, kahawia na pana, na Lekakeny akasimama, akakinga macho kwa mkono, akatafuta. Haikujulikana kama aliona alichokuwa akikitafuta. Baadaye akaizunguka nguzo polepole, akaikagua pande zote nne, akapitisha kiganja chenye makovu juu ya zege.

"Jina lako liko upande gani?" akauliza.

Mhina alitazama nguzo. Ilikuwa na ukoga, namba za wapima ardhi na kinyesi cha ndege. Jibu lilikuwa tayari ulimini, zuri, lenye mvua ya masika iliyofuta maandishi. Alifungua mdomo. Lekakeny alikuwa anamngoja, kama alivyongoja siku zote, tayari kuamini.

"Sijawahi kufika hapa," Mhina akasema. "Na njia ya kurudi siijui."