Vidole Viwili Chini ya Futi

Nilianguka kwenye ngazi nikiwa nimebeba majora mawili ya kitambaa. Majora yalitua salama. Goti langu la kulia ndilo lililoumia.

Wifi yangu hakukawia. Alikuja kunipa pole, akakaa kwenye kiti changu cha kazi, akaanza kuipapasa cherehani yangu ya kukanyaga.

"Hii itaota kutu, wifi. Nipe mimi."

Nikikasirika mdomo wangu hauna breki. Nilimwambia kwamba baada ya miezi mitatu, nikishindwa kumshonea gauni zima kwa miguu yangu yote miwili, aje na mkokoteni aichukue. Alipoondoka nilijuta. Cherehani ile aliniachia mama, na mimi ushonaji ndiyo kazi pekee ninayoijua.

Hospitalini nikakabidhiwa kijana wa mazoezi ya viungo. Nilimpa jina la Kumi Tena. Ananifunga mfuko wa mchanga kwenye kifundo cha mguu, nanyanyua mara kumi jasho linanitiririka, naye anatabasamu: "Kumi tena, mama." Mfuko mwingine alinipa wa mazoezi ya nyumbani. Siku ya kwanza alinipima mapaja. La kushoto, zima, lilikuwa sentimita hamsini. La kulia arobaini na saba.

"Msuli ukijaa, goti litapata wa kulishika," aliniambia. "Tunataka mapaja yalingane."

Kupima? Si ndiyo kazi yangu! Jumamosi ile nilichukua futi yangu nikajipima nyumbani: arobaini na tisa. Wiki ya nne ikawa hamsini kamili. Nilijipigia vigelegele peke yangu, nikaacha kwenda hospitali, mchanga wa mfuko nikaumwaga kwenye chungu cha maua.

Kisha nikakaa kwenye cherehani. Hata pindo moja sikulimaliza. Goti liliniuma nikaona nyota mchana.

Nilimwendea Kumi Tena nimefura. "Mazoezi yako hayana maana! Paja limejaa na goti bado bovu!"

Akanipima. Arobaini na saba na nusu.

"Futi yako mbovu," nikasema.

"Basi jipime mwenyewe, mama, nikuone."

Nikazungusha futi, nikapenyeza vidole viwili chini yake, kama ninavyompimia kila mteja miaka thelathini sasa, nguo isije ikambana. Kijana alicheka hadi akatafuta kiti.

"Mama, paja halishonewi gauni!"

Aibu ilinishika, kisha na mimi nikaangua kicheko. Nilipomaliza kucheka nikaogopa.

"Zimebaki wiki saba. Zitatosha?"

"Zitatosha, ukiurudisha mchanga."

Niliuchimbua kwenye chungu siku ileile, maua yakalala upande. Sikukosa hata siku moja.

Siku ya siku wifi alifika, mwenye mkokoteni akimsubiri mlangoni. Akachuchumaa kando ya kanyagio, macho kwenye miguu yangu.

"Wa kushoto usimbebe mwenzake!"

"Wifi, utanivunjia uzi kwa kelele."

Nikakanyaga. Kwenye mikono ya gauni goti lilipata moto, nikapumzika kidogo, nikaendelea. Kwenye pindo lilikuwa limetulia. Nilipokata uzi wa mwisho nikamrushia gauni.

Wifi akalivaa, akageuka, akainua mikono, akavuta pumzi ndefu. Kisha akaenda dirishani mwenyewe.

"We baba, nenda tu! Hakuna mzigo!" Akanigeukia. "Na hapa kifuani umeniachia nafasi?"

"Vidole viwili."

Nilitokwa na machozi, na yeye akanifuta kwa pindo la gauni jipya. Nilimgombeza kwa kulichafua.

Kesho yake Kumi Tena alinipima, futi imebana sawasawa: arobaini na tisa na nusu.

"Bado nusu," nikasema, nikamnyooshea mguu aufunge mfuko.

"Kumi tena, mama?"

"Ishirini."