Dirisha la Mwaka wa Tatu

Siku ya kupeleka maombi ya chuo, Zeina alivaa baibui jipya, akamsubiri baba yake, Hamood, amalize kumkatia mteja kitambaa cha pazia. Hamood hakati kitambaa kwa pupa. Alipima, akarudia kupima, akakata, akakunja, akashukuru. Kisha baba na binti wakavuka barabara, wakapisha mkokoteni wa marobota ya mitumba, wakaingia chuoni. Safari nzima ilikuwa fupi kuliko foleni ya chapati.

Chuo kimo katika jengo la Mzee Sadalla, hapohapo Kariakoo, mitaa ya nyuma ya soko. Ni chuo cha binafsi, kina nembo ya mwenge na kitabu, na jengo lake hushuka. Kila mwaka, mahafali yakishapita, Mzee Sadalla huchimba chini ili apate fremu mpya za biashara, na jengo zima huteremka ghorofa moja ardhini. Juu huongezwa ghorofa nyingine ya tofali na bati, kwa hiyo ukiwa barabarani huoni tofauti. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huanzia ghorofa ya pili, hukalia madawati yaleyale miaka yote, na wakifika mwaka wa tatu wako usawa wa barabara. Siku ya kuhitimu hutoka mlangoni na majoho yao bila kushuka ngazi hata moja. Chuo hulitangaza jambo hili redioni.

Mazin, kaka yake Zeina, hakutoka. Wakazi wa jiji hili wana tabia moja: mwezi wa Ramadhani ukikaribia, kila nyumba hubadili mapazia kwa ajili ya Idi, na muuza mapazia asiye na fremu ya pili wakati huo anatazama riziki ikimpita. Hamood aliitaka fremu ya chini kabla ya mfungo. Alimbembeleza Mzee Sadalla aharakishe kuchimba, naye akaharakisha. Hamood hakuuliza darasa la chini lina nani. Alidhani limeshahitimu. Darasa la Mazin likateremka na watu wake wote, mlango wake ukatazama udongo mtupu, na madirisha yake yakatazama fremu mpya za chini, pamoja na ile ya Hamood.

Wapo mpaka leo. Wanasoma. Chakula hupitishwa kwenye nondo za dirisha, na nguo chafu hutoka kwa njia hiyohiyo. Nondo zenyewe haziguswi. Mzee Sadalla alishawaita wazazi wote akawaeleza kwa upole kwamba jengo sasa limekalia dirisha lile, na ukikata nondo moja, madarasa ya juu yote yanakuja chini. Juu kuna watoto wa watu wengine. Wazazi walitazamana, wakarudi makwao.

Ofisini, karani aitwaye Vicky alipokea vyeti vya Zeina akavipiga muhuri.

"Una ndugu yeyote hapa?"

"Kaka yangu. Mwaka wa tatu."

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Basi wewe hupangi foleni. Ndugu wa mwanafunzi wanapita moja kwa moja."

Zeina alitaka kusema kuwa angependa kuomba chuo kingine, hata cha ng'ambo ya kivuko cha Magogoni, hata cha mkoani. Mama yake, Bi Ghada, ambaye ndiye aliyekaa fremu ya chini akiuza na kumtazama Mazin, alikuwa ameshasema usiku uliopita: "Ukisoma hapa mtakuwa karibu." Kwa hiyo aliuliza swali moja tu.

"Sisi tutashuka lini, dada?"

"Baada ya mahafali," alisema Vicky. "Utaratibu ni baada ya mahafali."

Zeina alisoma kwa bidii ya mtu anayekimbizwa. Mwaka wa kwanza aliona mapaa ya mabati hadi Upanga. Mwaka wa pili aliona vichwa vya watu. Jengo lilipoteremka, fremu ya Hamood iliteremka nalo, na Bi Ghada akazoea ngazi ndefu zaidi. Mazin alifuga ndevu. Alimfundisha dada yake takwimu kupitia nondo, akamsahihisha makosa, na kila Zeina alipoondoka alimwambia maneno yaleyale: "Usichelewe kumaliza, Zeina." Aliogopa kumtazama machoni anapoyasema.

Mwaka wa tatu dirisha la darasa lake likawa usawa wa barabara, na Zeina akaanza kusikia sururu chini ya miguu. Ilikuwa mwezi wa Shaabani. Mitihani ilikuwa haijaanza.

Alivuka barabara mbio akamkuta baba yake na Mzee Sadalla wakinywa kahawa dukani.

"Shikamoo, Mzee Sadalla."

"Marahaba, mwanangu. Masomo?"

"Mnachimba na sisi bado tupo."

Mzee Sadalla aliweka kikombe chini. "Nassibu wa majiko anataka fremu kabla ya mfungo. Nimemwambia asubiri mahafali. Anasema Idi haisubiri mahafali. Na kweli, haisubiri."

Hamood alimtazama binti yake. Alikuwa mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Hakulala siku hiyo. Asubuhi alikwenda kwa Mzee Sadalla, na waliomwona walidhani anakwenda kuzuia. Alikwenda kuichukua fremu ile yeye. Alisema kama lazima binti yake ashuke, basi asishuke mbele ya majiko ya mtu mwingine.

Jengo lilianza kuteremka siku ya mtihani wa mwisho, asubuhi, taratibu kama mkate unaozama kwenye chai. Mlango wa darasa ulikuwa wazi. Zeina aliona kizingiti kikipita usawa wa barabara, kisha magurudumu ya mikokoteni, kisha viatu vya watu. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kutoka."

Msimamizi, Madamu Candida, alitazama saa yake. "Anayetoka hajafanya mtihani."

Nje, Bi Ghada alikuwa amepiga magoti barabarani, uso wake kwenye nafasi iliyobaki juu ya mlango. "Zeina, toka! Toka, mama, nipe mkono!"

Hamood alisimama nyuma yake. Sauti yake ilisikika vizuri darasani. "Mwache amalize, Ghada. Limebaki swali moja."

Zeina alitazama mlango. Bado mtu mwembamba angepita. Alitazama darasa: hakuna aliyeinuka, kila mmoja akimngoja mwenzake ainuke kwanza. Miaka mitatu, alifikiri. Akaandika jibu la swali la mwisho, akalisoma tena, akaweka kalamu chini. Alipoinua kichwa mlango ulikuwa umejaa udongo, mwekundu, wenye mizizi.

Madamu Candida alikusanya karatasi zote. Hakuwa na pa kuzipeleka, akazipanga juu ya meza yake.

Siku ya pili Hamood alifungua fremu mpya. Alikuja na robota la vitambaa akamwonyesha Zeina kupitia nondo, kimoja kimoja, achague cha kufunika dirisha, kwa sababu wateja hawapendi kutazamwa wanapochagua.

"Kipi, mwanangu?"

Zeina alilia kwanza. Kisha akachagua rangi ya maziwa, kwa kuwa ndiyo nyepesi kuliko zote, inapitisha mwanga kidogo.

Pazia likatundikwa. Chini ya sakafu, kutoka darasa lililo ghorofa kadhaa chini ya lao, Zeina alisikia mtu akigonga nguzo: Mazin, akiuliza kama amemaliza. Alivua kiatu, akagonga mara moja kumjibu ndiyo.

Upande wa pili wa pazia mteja alikishika kitambaa, akakivuta, akasifu.

"Hili ni zuri. Linauzwa?"

"Hilo la hapo hapana," alisema Hamood. "Ila ninalo kwenye robota. Unataka mita ngapi?"

Ngazi zilijaa wateja wa Idi. Huko juu, katika ghorofa mpya ya bati, Vicky alikuwa akipiga mihuri ya mwaka wa kwanza.