Isale Ndani ya Sanduku la Tromboni

Leodegar wa forodha alilinyanyua lile jani kwa vidole viwili, akaligeuza, kisha akanitazama kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga asiyejua ni wa nani. Lilikuwa jani refu la isale, bado bichi, limefungwa fundo katikati. Lilikuwa limelazwa juu ya tromboni ya baba, ndani ya sanduku nililokuwa nalirudisha Ujerumani.

"Dada Kindness," akasema taratibu, "nani amekosana na nani?"

Sanduku alilifunga baba mwenyewe kule nyumbani Old Moshi, kazi yangu ilikuwa kulibeba tu hadi mjini. Ronald, bosi wangu, aliyezoea kuagiza mahema ya watalii kutoka nje, alikuwa amenionya: kitu ukikirudisha kwa muuzaji bila forodha kukikagua na kukugongea mhuri, siku kikija tena unatozwa ushuru upya. Ndiyo maana nikawa pale kaunta, sanduku wazi, aibu usoni.

Kwa asiyetoka mlimani niseme kidogo. Isale ni ule mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, katikati ya migomba na kahawa. Ukigombana na mtu na ukataka yaishe, unampelekea jani lake. Akishalipokea hana ujanja, lazima asamehe. Baba alikuwa amempelekea isale mtu nisiyewahi kumwona, ambaye kwa majuma kadhaa nilikuwa namtukana kwa barua pepe.

Mambo yalianza Agosti ya mwaka uliotangulia, 2004, mama alipofariki. Baba yangu, mzee Eliufoo, amepiga tarumbeta usharikani tangu akiwa kijana, na usharika wetu una desturi moja ninayoipenda kuliko zote. Alfajiri ya Pasaka wapiga tarumbeta hupita kwenye kila kihamba kilichofiwa mwaka ule, wakasimama kaburini na kupiga wimbo wa Pasaka. Marehemu hupigiwa mara moja tu. Mwaka unaofuata ni zamu ya wengine.

Baba aliwapigia jirani zake wote, akawapigia na maadui wawili watatu. Sasa ilikuwa zamu ya mkewe, na tromboni yake ilikuwa imechomelewa mara nyingi hadi fundi wa Kiboriloni akasema haina tena chuma, imebaki gundi ya bati tu. Wenzake walijitolea kumwazima. Akakataa. Alitaka kumpigia mama kwa tromboni iliyo yake, basi.

Nilikuwa karani katika ofisi ya Ronald, na ofisi ilikuwa na intaneti iliyokuwa ikienda kwa kuchechemea. Mchana mmoja nikaiona tromboni kwenye mnada wa mtandaoni: ya zamani, ya Kijerumani, nzuri ajabu. Ronald akanikubalia nitumie kadi yake. Nikashinda mnada, nikatembea mjini siku ile kama bibi harusi.

Ilipofika, Leodegar alitaka kuithamini kama mpya kwa sababu inang'aa. Nikabishana naye kwamba ni kuukuu, akasema nithibitishe. Nikaipuliza palepale. Ikatoa sauti ya ng'ombe aliyevimbiwa, watu wote foleni wakacheka, Leodegar akapunguza ushuru bila neno jingine. Nilidhani ubaya ule ni wa mapafu yangu. Kumbe baba alipoivuta nyumbani, mrija ulisogea hadi nusu ukakwama. Ulikuwa umepinda.

"Inawezekana ni safari," baba akasema.

Mimi sikutaka kusikia habari za safari. Nina ulimi, nakubali, nimeurithi kwa mama. Nilimwandikia muuzaji, Bwana Kessler, kwamba ametuuzia kibovu. Akajibu kwamba ilitoka kwake ikiwa nzima na picha anazo. Nikamjibu kwamba picha haipigi wimbo. Akaandika kwamba ameshakutana na watu wa namna yangu, na kwamba hata jina langu linaonekana ni la kubuni, maana hajawahi kuona mtu mkali hivi akijiita Wema. Hapo nikamwita mwongo, kwa herufi kubwa. Nikapeleka malalamiko kwa wenye mnada, nao wakasema nirudishe mali kwanza, ndipo wasikilize.

Pasaka ikatukuta katikati ya ugomvi. Alfajiri nilisikia tarumbeta zikishuka kutoka kwa majirani, nikatoka nje. Baba alikuwa amesimama kwenye njia ya kihamba, amevaa suti yake ya kanisani, mikono mitupu. Wenzake walipofika alisalimiana nao mmoja mmoja, kisha akawaambia, "Hapa piteni. Mke wangu ataningoja."

Wakapita. Waliipita nyumba yetu kimya, na sijawahi kusikia kimya kizito kama kile. Jumanne yake nikaingia ofisini nimewiva kwa hasira, nikamwandikia Kessler barua ambayo hata leo siwezi kuitafsiri mbele ya mchungaji.

Jioni ile baba akaniuliza, "Huyo mtu mnayegombana naye ana umri gani?"

"Sijui, baba."

"Ana mke?"

"Nitajuaje, baba? Nimenunua tromboni, sikwenda kuposa."

Akacheka. "Mama, wewe unataka kushinda," akasema. "Mimi nataka tromboni." Kisha akaomba sanduku alifunge yeye.

Basi ndiyo hivyo tukawa pale kaunta, mimi, Leodegar na jani. Nikamweleza yote. Nikamuuliza kama sheria inaruhusu kusafirisha majani.

"Hairuhusu hata kidogo," akasema. Alilitazama lile fundo. Mtu wa Kibosho yule, Mkatoliki wa kufunga tai hata Jumamosi, lakini isale ni isale. "Ila likishatolewa, mimi ni nani wa kulirudisha?" Akalilaza palepale alipolikuta, akafunika sanduku, akagonga mhuri.

Wajerumani hawakuwa na mama wa Kichagga wa kuwafundisha adabu. Baada ya majuma matatu nikapata barua pepe ya Kessler, na ilikuwa inatoa moshi. Sanduku limezuiliwa na forodha ya kwao. Ameitwa, ameendesha gari mvuani, amehojiwa kwa nini anaingiza mmea usiojulikana. Afisa anataka kujua ni kitu gani. Je, ni bangi?

Nilicheka mpaka Ronald akaja kuniangalia. Halafu nikakaa kuandika, na kwa mara ya kwanza sikuwa naandika ili nimshinde mtu. Nilimweleza isale ni nini. Nilimweleza baba ni nani, mama amelala wapi, na kwamba tarumbeta zimempita Pasaka kwa sababu mumewe alikataa kuazima. Niliandika kwamba jani limetoka kwa baba, wala si kwangu, lakini kama amelipokea basi na mimi nimo.

Zikapita siku kadhaa. Kisha akajibu. Alisema alimsomea yule afisa barua yangu yote, na afisa akaomba amsomee tena sehemu ya Pasaka. Sheria ni sheria, jani lilichomwa moto, ila afisa alimwomba radhi kwanza. "Limechomwa," Kessler aliandika, "lakini nilikuwa nimeshalipokea." Mrija ni kweli umepinda, akasema, na nani aliupinda hatutajua kamwe. Hatarudisha pesa, kwa kuwa ameelewa pesa hazitamsaidia mzee. Atainyoosha mwenyewe. Ndiyo kazi aliyoifanya ujana wake wote.

Ilirudi mwezi wa saba. Leodegar alitazama mhuri wake mwenyewe, akaniambia hakuna ushuru wa pili. "Yalikwisha?" akauliza.

"Yalikwisha."

Baba hakungoja Pasaka nyingine. Jumamosi iliyofuata, baridi kali, ukungu umejaa migombani hata zizi halionekani, wenzake walikuja wote na masweta yao mazito. Mchungaji alikuwa amesema yeye hajui kalenda inaruhusu nini, lakini atakuja kunywa chai. Wakasimama kaburini. Baba akaivuta tromboni, mrija ukateleza hadi mwisho, akaanza wimbo wa Pasaka katikati ya Julai. Nililia, wala sikuona haya, maana ulikuwa wimbo wa furaha na baba aliupiga kwa furaha.

Jirani yetu Magdalena alitokeza kwenye ukungu, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alisimama, akatutazama sote, suti za watu na masweta.

"Shemeji Eliufoo," akasema, "leo ni Pasaka?"

Baba akafuta midomo. "Hapa kwetu, ndiyo."

Magdalena akatua mzigo wake, akajifunga kanga vizuri, akauliza tumefika ubeti wa ngapi.